Ngege Mwenye Ngazi

Filister aliponyoosha mkono amsalimie, Magige alitumbukia chini ya meza. Alijifanya anatafuta waya. Waya wenyewe ulikuwa juu ya meza, mbele ya watu waliopanga foleni kuchapiwa barua zao, na kila mmoja aliuona isipokuwa yeye.

"Fundi," Filister akasema, mkono bado umenyooka, "huko chini kuna nini?"

"Mwambie mama nakuja," Magige akamnong'oneza Kezia, aliyekuwa kwenye taipureta meza ya pili, amejiziba mdomo asicheke.

Sasa mjue upuuzi huu ulianzia wapi. Kezia ni binti ya Filister, na Magige, fundi wa kompyuta pale Migori, alitaka kumwoa mpaka usingizi ukamkimbia. Na huku kwetu, awe Mkuria kama Magige au Mjaluo kama Filister, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Wakiona watakutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwenzake apite. Ni heshima, na heshima hiyo ina wenyewe. Lakini Magige alikuwa mkwe wa nani? Wazee wake hawakuwa wamekanyaga Homa Bay, kwao Kezia. Posa haijapelekwa, haijapokelewa. Alikuwa amejipa ukwe mwenyewe, akidhani akijificha vya kutosha mama atazoea na mambo yatajipanga. Thubutu! Filister hakuzaliwa jana. Kila alipofika Migori alimfuata kijana wa watu na mkono mbele kama mwiko, ili dunia nzima ione kwamba yeye hapa hana mkwe, ana fundi.

"Basi baki hukohuko, masikio unayo," akasema. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wauza samaki wa Homa Bay, na sauti yake ilizoea kushindana na soko. "Tumejenga ghala kando ya ziwa. Nembo yetu ni samaki ngege ndani ya kikapu. Siku ya kulifungua nataka ngege huyo kwenye kitambaa juu ya mlango, mkubwa, hata aliye ndani ya mtumbwi amwone. Na nataka ngege huyohuyo, mdogo, kwenye kadi za mwaliko. Si ndugu yake. Huyohuyo! Akinipendeza, wazee wa mtu fulani wanaweza kuja tuongee. Akinitia aibu, Kezia anafunga virago anarudi nyumbani, na habari za Migori sitaki kuzisikia tena."

Kezia aliacha kucheka.

Jibu likatoka chini ya meza. "Mwambie mama ngege wangu haharibiki! Umkuze awe kama nyumba, umpunguze awe kama dagaa wa omena, ni yuleyule."

Mdomo mponza kichwa, wahenga hawakukosea.

Tumpe haki yake: kuchora alichora. Alinunua ngege mzima sokoni, akamlaza juu ya gazeti kando ya kompyuta, akamchora mpaka ofisi ikanuka na wateja wakaanza kusubiri nje. Programu yake ya kuchora haikuwa ya kupiga rangi tu. Ilishika mistari: anzia mdomoni, panda mgongoni, pinda hapa, shuka mpaka mkiani. Ukiitaka kubwa, kompyuta inaifuata njia ileile kwa hatua kubwa, ukiitaka ndogo, kwa hatua ndogo, na mviringo unabaki mviringo. Kwa hiyo hakuwa amesema uongo. Kadi zilitoka safi. Kezia aliipeleka moja dirishani, akaigeuza huku na huku, akasema, "Magi, huyu hata mama atamtaka kwa ugali."

Ikabaki ya kitambaa. Mchoro mkubwa ulitakiwa uchapwe vipandevipande, karatasi nyingi, kisha ziunganishwe zipewe Fanuel, mchoraji wa vibao kule Homa Bay, aufuate kwa rangi.

"Chapa hapa uzipeleke mwenyewe," Kezia akamwambia. "Umwonyeshe Fanuel zinavyoungana."

"Niende Homa Bay kabla ya wazee wangu? Nigongane na mama uso kwa uso? Kezia, adabu iko wapi?"

"Adabu ya nani, wewe? Mama mwenyewe anakuita fundi!"

Hakusikia. Kulikuwa na ofisi moja Homa Bay yenye kompyuta na printa. Programu ya kuchora hawakuwa nayo, lakini picha ya kawaida wangeweza kuifungua. Magige akamchukua ngege wake wa mistari, akamgeuza picha ya nukta, tena kwa kipimo kilekile cha kadi, akamtia kwenye diski. "Watamkuza hukohuko," akasema, akampa mtu anayekwenda. Akarudi kukaa, amekunja nne, ameridhika.

Jamani! Picha ya nukta ni kama omena wa sufuria moja. Ukiwaanika kwenye wavu mdogo wanajaa, unaona fedha tupu. Wachukue walewale uwaanike uwanja mzima, utaona nini? Mapengo. Kompyuta ya Homa Bay iliona aibu kuacha mapengo, ikafanya kila nukta kuwa tofali. Magige alilijua jambo hili. Angeulizwa na mteja yeyote angelieleza mpaka mate yamkauke. Lakini siku ile kichwa chake kilikuwa kimejaa ukwe, hakikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Siku mbili kabla ya sherehe simu ya ofisi ikalia. Magige akaipokea, akasikia sauti, akamrushia Kezia kama kaa la moto. Kezia alisikiliza, uso ukimbadilika.

"Mama anauliza," akasema polepole, "huyu samaki tunampika au tunampanda?"

"Kumpanda vipi?"

"Anasema ana ngazi. Kutoka mdomoni hadi mkiani, ngazi tupu. Fanuel ameshampaka kwenye kitambaa. Soko lote limekuja kuangalia." Akaweka simu chini. "Anasema pia nianze kukunja nguo zangu."

Magige hakubishana. Alifungua mchoro wake wa asili, ule wa mistari, akaukuza mpaka upana wa mlango wa ghala, akaanza kuchapa kipande baada ya kipande. Printa ililia kutwa nzima kama mbuzi aliyefungwa mvuani. Wateja walirudishwa. Kezia aliandika namba nyuma ya kila karatasi ili mkia usije ukaungwa shingoni.

Kesho yake Magige alikuwa Homa Bay, karatasi kifuani kama mtoto mchanga.

Fanuel alimpokea kwa bashasha. "Omera, ndugu yangu, karibu! Mimi nilipaka nilichopewa. Ngazi zote nimezifuata, hakuna niliyoruka. Nikasema labda ndio samaki wa kisasa."

Kitambaa cha zamani kilikuwa kimetundikwa ukutani. Magige alikitazama mara moja tu. Ngege alikuwa kama ukuta uliomea jicho.

Wakatandaza karatasi sakafuni mwa ghala, wakaziunga kwa gundi ya unga, wakaziwekea mawe upepo wa ziwani usije ukamrudisha samaki majini. Fanuel akatoboa mistari kwa sindano, wakalaza karatasi juu ya kitambaa kipya, wakapiga vumbi la makaa, alama zikashuka chini. Ndipo kivuli kikaziba mlango.

"Fundi! Mkono!"

Magige alikimbilia nyuma ya magunia. Filister akazunguka magunia. Magige akatokea upande wa pili, akazunguka nguzo. Filister naye, mwili wake ule mkubwa, akaizunguka nguzo akihema na kucheka, mkono mbele, na akina mama mlangoni wakishikana mabega wasianguke.

"Mwacheni, atamkanyaga samaki!" Fanuel akapiga kelele.

Filister akasimama. Akainama juu ya kitambaa, akaweka kidole kwenye mdomo wa ngege. Kicheko kikakatika. Kidole kikapanda mgongoni taratibu, kikitafuta ngazi kama anayetafuta mwiba ndani ya mboga, kikapita kilele, kikashuka, kikafuata mkunjo wa mkia mpaka ncha ya mwisho. Hakikujikwaa popote. Akakirudisha tena, safari hii kutoka mkiani. Akatoa kadi ya mwaliko kifuani, akailinganisha na kitambaa. Akajipangusa vumbi la makaa, akatoka.

Magige hakujua aelewe nini. Alimshikia Fanuel kopo la rangi mpaka jioni, na roho ilimuuma kwelikweli. Alimpenda Kezia. Karibu amtupe kwa kuogopa mkono wa mtu, kwa kujifanya mkwe ambaye hakuna aliyemwita. Akajiambia: kesho nitakuwa fundi. Nitamsalimia mama kama fundi, nitasema samahani kama fundi, na anipe jibu lake uso kwa uso.

Siku ya sherehe Kezia alifika mapema kutoka Migori, na virago vyake alikuwa ameviacha hukohuko. Kitambaa kilifunguliwa juu ya mlango. Ngege akatokea, mviringo, mnono, ameinua mapezi, na mtu mmoja mtumbwini akapiga mluzi. Ngoma zikaanza. Filister alikuwa amesimama mbele ya wenzake, amevaa leso mpya.

Magige akajipa moyo. Akapita katikati ya watu, akanyooka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amjue, akanyoosha mkono.

"Mama, mimi ni fundi wako. Naomba nikusalimie."

Filister aliutazama ule mkono kana kwamba ni nyoka. Akavuta leso akafunika uso, akageuka, akapenya katikati ya akina mama mbio, akaenda kusimama nyuma kabisa ya ngoma, amempa Magige mgongo. Vigelegele vikalipuka. Magige alibaki na mkono hewani, hajui aurudishe wapi, mpaka Kezia alipokuja kuushika akilia na kucheka.

Na sauti ile ya soko ikavuka ngoma zote.

"Kezia! Mwambie huyo mtu asinikaribie! Wazee wake wakija waje na mmoja wa kumfunza adabu!"