Maneno Yangu Ubaoni

Chaki ilimkatikia mkononi, akaokota kipande na kuendelea kuandika. Katika yote aliyoandika binti yangu Kwandu, nilitambua neno moja tu: father. Nikajiweka sawa kwenye benchi, nikamgonga kiwiko jirani yangu Mahona.

"Huyo baba anayeandikwa pale ni mimi," nikamnong'oneza.

Ilikuwa siku ya wazazi katika sekondari yetu ya kata, hapa Mwamapalala, Kwandu akiwa kidato cha pili. Asubuhi ile mkuu wa shule alikuwa amenisimamisha mbele ya watu akanisifu. Eti Maduhu ni mfano. Wenzake wanaoza mabinti, yeye anasomesha. Wakanipigia makofi. Jamani, sifa ni tamu! Kichwa kilivimba hata kofia ikanibana.

Ndipo tukaingizwa darasani tuone watoto wanavyofundishwa Kiingereza. Mwalimu Eufrasia alikuwa kwenye alama za kunukuu, vile vimkia viwili viwili vinavyoning'inia juu ya mstari. Akatuelewesha na sisi wazazi kwa Kiswahili: unaweka koma, unafungua alama, unaanza na herufi kubwa, nukta inaingia ndani, halafu unafunga.

"Lakini kubwa ni hili," akasema. "Ukishafungua, maneno si yako tena. Ni ya aliyesema. Huongezi, hupunguzi, hurembi."

Akawataka waandike ubaoni jambo lolote walilosikia likisemwa nyumbani. Mvulana aliyetangulia aliandika jinsi mama yake alivyomtukana mbuzi, nukta akaiacha nje; mwalimu alipotutafsiria tukacheka sana. Kwandu hakukosea popote. Mwalimu alizungushia alama zake moja moja huku akimsifu, kabla hata hajasoma sentensi yenyewe. Kisha akaisoma, na mkono wake ukasimama.

"Tutafsirie basi!" Mahona akapaza sauti. "Baba mtu yupo hapa!"

Mwalimu alinitazama, akamtazama Kwandu. Akasema labda tuendelee na mwingine. Mimi, mpumbavu, ndiye niliyekataa. Nikasema asome, tusikie.

Akaisoma kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo. "Baba yangu alisema, 'Huyu alivyo mweusi hivi, nani atamletea ng'ombe? Acha asome tu, hatupotezi kitu.'"

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka.

Nilikuwa nimeyasema kweli. Nilimwambia shemeji yangu Luhende, jioni moja, tumesimama mlangoni mwa zizi. Ng'washi, dada yake Kwandu, ni mweupe, na kwetu Usukumani msichana mweupe huleta ng'ombe wengi wa mahari. Alipoolewa, zizi lilijaa. Kwandu alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anapepeta mtama, nami sikushusha hata sauti. Nishushe ya nini? Nilidhani nasema jambo la kawaida, kama mtu anayesema mvua imechelewa.

Darasani niliona aibu. Sikujua uso niuweke wapi. Mke wangu Kabula alikuwa ameinamisha kichwa, hataki kuniona. Lakini mtoto mwenyewe alisimama tu pale, vumbi la chaki puani, macho kwa mwalimu, anasubiri kuambiwa amepata au amekosa. Hakukusudia kunilipiza. Aliambiwa asiongeze wala asipunguze, akatii. Hilo ndilo lililonichoma: maneno yale alikuwa ameshayazoea, akayaona ya kawaida kama nilivyoyaona mimi.

Siku hizi Kwandu yuko chuo, Mwanza. Nikienda Bariadi mnadani watu hunishika mkono, "Maduhu, hongera, umesomesha." Naitikia haraka haraka, naulizia bei ya ndama.

Siku ile tulirudi kwa miguu, mama yake ametangulia mbali, pamba imepasuka nyeupe pande zote za njia. Nilitafuta la kumwambia. Niliona niseme nilikuwa natania na mjomba wake Luhende, na tayari nilikuwa nimefungua mdomo, yeye akaniwahi.

"Baba, mbona mwalimu hakuniambia kama nimepata? Kuna neno nilikosea?"



"Hapana, mwanangu," nikasema. "Ndivyo nilivyosema."