Kitambaa cha Kijani kwenye Ngazi

Mujtaba hakuwa mtu wa kuambiwa kitu ni kizima akakubali. Mwaka wa kumi na tisa huu alikuwa akikagua lifti za maghorofa ya St. James Town, na kila msimamizi wa jengo aliyemwambia "hii haina neno" alijiponza mwenyewe, maana hapo ndipo Mujtaba aliposhuka shimoni na tochi mara mbili badala ya mara moja. Nyumbani kwake Etobicoke hali ilikuwa hiyo hiyo. Ikinunuliwa stuli ya jikoni, haikaliwi mpaka yeye aipindue aitazame miguu. Baba mkwe wake, mzee Dilawar, alikuwa akisema huyu bwana hata daraja la Sirati hatalivuka mpaka aligonge kwanza kwa spana.

Basi kazi ya kukagua ngazi ilipotokea, hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Ngazi yenyewe ilikuwa nyuma ya ile nyumba yenye magurudumu ambayo watu wa huku huiita arivii. Mwenye nayo ni Zachariah, Mgoa mmoja mstaafu wa ghorofa ya chini yao, mzaliwa wa Mombasa, aliyewaazima kwa wikendi ndefu ya Mei. Alipowapa ufunguo alisema kila kitu ndani kinafanya kazi, jiko, friji, hata choo, isipokuwa hilo la ngazi hakulijua. Goti lake halikumpandisha juu miaka sita. "Hiyo siidhamini," alisema, na Mujtaba akampenda kwa ukweli wake.

Wengine wangesema, ngazi ya nini, lalani ndani, mle kachori zenu, mrudi. Lakini safari nzima ilikuwa kwa sababu ya ngazi. Mzee Dilawar, mtu wa Tanga, tangu abaleghe alikuwa akiutafuta mwezi mwandamo kwa macho yake mwenyewe, mwezi baada ya mwezi. Alipohamia kwa bintiye Nida, kibaraza cha ghorofa ya kumi na nne kikawa kinatazama mashariki, na mwezi huandamia magharibi, kwa hiyo miaka kumi na moja mzee alikuwa akiletewa mwezi kwa simu. Mwezi wa kuletewa kwa simu, alisema, ni chai ya kusimuliwa. Sasa mwezi wa Mfunguo Tatu ulitarajiwa Jumapili jioni, na wao Jumapili watakuwa kambini kando ya Ziwa Huron, ambako jua huzama majini. Penye kambi pana miti mirefu, lakini ukipanda juu ya gari unaona.

Tatizo lilikuwa nyonga. Januari mzee aliteleza kwenye barafu, akawekewa nyonga ya chuma, na daktari alisema waziwazi kwamba akianguka tena hatasimama. Mama Daulat, mkewe, alikataa habari ya kupanda kuanzia siku ya kwanza. Ndipo Nida akakata shauri. "Baba Rida," alimwambia Mujtaba mbele ya wazee wote wawili, "ukisema ngazi ni salama, Baba atapanda, na wewe utakuwa nyuma yake. Ukisema si salama, basi, yameisha. Neno lako ndilo."

Neno hilo lilimlemea, si uongo. Kule hospitalini, usiku wa kwanza, mzee alimshika mkono akamwambia kwa sauti ndogo, "Nadhani mimi mwezi wangu wa mwisho nimeshauona, Mujtaba." Mujtaba hakumwambia mtu. Alitaka sana, kuliko alivyotaka kitu chochote mwaka ule, kusema ngazi ni salama.

Ijumaa asubuhi akashuka uwanja wa kuegeshea magari na mkoba wake wa kazi. Aliivaa ngazi ile kana kwamba ni lifti ya watu mia. Alikaza skrubu moja moja zilizoishika kwenye ukuta wa gari. Akabonyeza ukuta wenyewe kuzunguka skrubu, maana maji yakishaingia humo mbao huwa laini, na skrubu haishiki hata uikaze vipi. Ukuta ulikuwa mgumu. Akachungulia gundi ya kuzuia maji, akaikuta imepasuka sehemu moja, akaipaka mpya. Akakanyaga kila kidato kwa mguu mmoja, halafu miwili, halafu akaning'inia kwenye kidato cha juu kwa mikono na kilo zake tisini na nane, akijitikisa mbele ya majirani waliokuwa wakitembeza mbwa. Mwisho akagonga mabomba ya aluminiamu kwa spana, kutoka chini kwenda juu, akisikiliza. Bomba zima hulia. Yalilia yote, ila mahali pamoja upande wa kushoto, usawa wa kidato cha nne, palijibu kwa sauti ya mtu aliyefunikwa mto.

Hapo palikuwa na kitambaa cha kijani.

Kilikuwa cha Mama Daulat. Kwao Makhoja, msafiri hafungi safari mikono mitupu. Hufungwa mkononi Imam Zamin, kitambaa chenye sarafu ndani, awe katika dhamana ya Imamu mpaka afike salama, na akishafika sarafu hutolewa sadaka. Safari hii, kwa kuwa kilichotia hofu kilikuwa ngazi, mama alikifunga kwenye ngazi, mafundo matatu, kimebana hasa.

Na Imam Zamin hakifunguliwi njiani. Hilo Mujtaba alilijua kwa gharama. Mwaka aliooa, walipokuwa wakienda Karbala, askari wa uwanja wa ndege alitaka kuona kilichofungwa mkononi, na yeye, kwa haraka zake, akakivua. Mabegi yalipotea siku nne. Mama mkwe hakumgombeza, alilia tu kidogo, na tangu hapo kikikosekana chochote katika nyumba, hata kijiko, humtazama Mujtaba mkono. Miaka ishirini na miwili ya kutazamwa mkono inamtosha mtu. Basi akasema, sauti imezibwa na kitambaa, ni kawaida, akapita. Yeye aliyeshuka mashimo yote ya St. James Town akapita.

"Ngazi ni nzima, Baba," alitangaza mchana, waliporudi kutoka sala ya Ijumaa. Uso wa mzee ulinyooka. Nida akaanza kupakia mito na sufuria, na Mama Daulat akaenda ndani kujaza chai kwenye chupa.

Mzee naye hakuwa na subira. "Nijaribu vidato viwili tu," alisema, "mguu uzoee." Akamkabidhi Nida mkongojo, akashika mabomba, akapanda cha kwanza. Mujtaba alisimama nyuma yake, mikono tayari. Cha pili. Mkono wa kushoto wa mzee ukapanda juu ukashika bomba, kidole gumba juu ya kile kitambaa.

Ndipo Mujtaba alipokumbuka maneno aliyokuwa akiwaambia mafundi wapya kila mwaka, na kuwarudia mpaka wachoke. Penye kitambaa ndipo pa kutazama. Hakuna anayefunga kitambaa kwenye chuma bila sababu.

Kukasikika *tik*.

Kitu kidogo, sauti ya punje ya mchele ikianguka kwenye sahani. Nida hakuisikia. Mujtaba alimkumbatia mzee kiunoni kwa nyuma, akamng'oa pale kama gunia, akamweka chini kwa miguu yake miwili, na mzee akabaki akimwangalia kwa hasira ya mtu mzima aliyebebwa hadharani.

"We vipi?" aliuliza.

"Nilikosea, Baba. Naomba radhi. Usiishike tena."

Mama Daulat alikuwa ametoka na chupa ya chai. Mujtaba alimfuata. "Mama," alisema, "naomba ukifungue kile kitambaa. Najua hatujafika. Nitazame mkono maisha yangu yote, lakini kifungue."

Mama hakubisha. Hilo ndilo lililomshangaza. Aliweka chupa chini, akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu, akaishika sarafu kiganjani. Chini ya kitambaa, mahali kidato kilipoungwa na bomba, palikuwa na ufa mwembamba unaozunguka zaidi ya nusu ya bomba. Mujtaba alilisukuma kwa kidole, ufa ukafunguka na kujifunga. Akakaa chini palepale kwenye lami.

"Niliuona," alisema Mama Daulat.

Wote wakamgeukia.

"Jana. Nilikuwa naifuta ngazi vumbi, ukanikwaruza kidole." Alikuwa akiongea na sarafu, si na wao. "Ningesema, mngemkataza, na yeye angerudi kulala akitazama ukuta kama Januari. Sikuweza. Nikasema nitafunga Imam Zamin palepale penye kasoro. Na Mujtaba atakuja na spana zake, atafungua, ataona, ataunga. Uliposema ni nzima, nikajua umeshaunga. Wewe si hufungua kila kitu? Stuli yangu uliipindua mbele ya wageni."

"Nilikuheshimu, Mama," alisema Mujtaba.

"Na siku zote hizo ulikuwa wapi na heshima?" alisema mama. Akajifuta macho kwa kile kitambaa cha kijani.

Aliyeanza kucheka ni mzee Dilawar. Alicheka akijishika nyonga, akasema miaka hamsini na moja anaishi na mwanamke huyu na leo ndiyo karibu amuue kwa dua. Nida akacheka huku analia. Mujtaba alicheka pia, pale chini, kicheko cha mtu aliyepishana na msiba mlangoni. Alimtazama mzee amesimama kwa miguu yake, na hakutaka kitu kingine.

"Hii niifunge wapi sasa?" mama aliuliza, sarafu bado mkononi.

"Itoe sadaka, Mama," alisema Mujtaba. "Ameshafika."

Ngazi aliifungua skrubu zote, akamwachia Zachariah mlangoni kwake ikiwa na karatasi iliyoandikwa USIPANDE kwa herufi kubwa. Safari wakaenda. Na Jumapili jioni hawakuhitaji paa la mtu. Kutoka kambini mpaka ufukweni kulikuwa na njia ya mbao, hatua mia mbili na kumi, wala hakuna aliyekuwa ameuliza kama ipo. Mujtaba aliitembea peke yake kwanza, akikanyaga ubao mmoja mmoja, halafu akamrudia mzee, wakaenda polepole, wakamketisha kwenye kiti cha kukunja. Jua lilizama. Wakasubiri, macho yote magharibi.

"Ule pale," alisema mzee Dilawar.

Mujtaba alifuata kidole. Aliona wekundu, akaona kiwingu kimoja. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuona kitu.

"Umeuona?"

"Bado, Baba."

"Umeshaingia kwenye wingu," mzee alisema. Alikuwa ameinua viganja, uso wote umemlowa. "Itabidi uchukue neno langu."

Mujtaba alitazama tena kidogo pale palipokuwa tupu. Kisha akainua viganja vyake kando ya mzee.

"Nimelichukua," alisema.