Uso wa Kulia Kwenye Kikundi

Hivi ujinga wa namna hii mtu anausomea wapi? Gerald, katibu wetu wa wakulima wa vitunguu swaumu, alikwenda Arusha semina ya usimamizi wa maarifa. Aliporudi, kitu cha kwanza akafunga kikundi chetu cha WhatsApp. Kile kile ambacho kuanzia huku kijijini kwetu Daudi mpaka Endasak tulikuwa tunafundishana: mdudu huyu muue hivi, dawa ile usinunue. Sasa eti wanaandika viongozi tu, ubunifu upite kwanza kwenye kamati. Na wanaandika nini? "Amkeni na baraka."

Jana asubuhi nikapasua mbegu tulizogawiwa na kikundi. Nje nyeupe, ndani zimeoza, zinanuka. Nilishtuka. Wifi yangu Agatha wa Endasak ana kashamba kamoja tu, na uozo ule ukishaingia ardhini hautoki leo wala kesho. Nikampigia, hapatikani. Nikampigia Gerald.

"Shikamoo mama Glory," akasema. Adabu anayo.

"Marahaba. Fungua kikundi, mbegu ni mbovu na watu wanapanda leo!"

"Mama, hiyo taarifa haijathibitishwa. Kamati inakaa Jumatano."

Jumatano! Sasa watu washike majembe wasubiri kamati?

Kwa hasira nikaiwekea "Amkeni na baraka" yake uso wa kulia, kale ka-emoji ka machozi, maana kuweka emoji tu ndiko alikosahau kufunga. Haikupita muda simu zikaanza. Tadei: "Mama Glory, umefiwa?" Marieta: "Pole sana, msiba uko wapi?" Jamani, nilicheka huku machozi yananitoka. Kila aliyepiga nikamwambia sijafiwa, pasua mbegu kabla hujapanda. Wengi wakaacha kupanda.

Agatha alipiga jioni. Simu yake ilishinda dukani inachajiwa.

"Wifi, nimeona unalia. Nani ametutoka?"

"Umeshapanda?"

"Ndiyo nimemaliza, shamba zima."

Nikamweleza. Akaja juu. "Kumbe siku nzima unajua! Mbona hukusema kwenye kikundi?"

"Agatha, hebu andika wewe."

Nikasubiri. Nilimsikia anabonyeza, anaguna, anabonyeza tena.

"Haiandiki," akasema. "Wifi, mbona haiandiki?"