Mtoto Hajambo?

Usingizi haupigi hodi, na siku unapomjia Zaituni unamkuta ameinua mkono. Adhuhuri imeshasaliwa, jua la Kondoa limelala juu ya bati, naye ameketi mkekani, amempakata binti yake Shamimu, kichwa kimeegemezwa mto. Mtoto ana miaka minne. Shingo haijakaza, kumeza hawezi, degedege humjia bila taarifa, kwa hiyo hula kwa mpira mwembamba ambao madaktari waliupitisha tumboni. Uji uliochujwa na kuchujwa tena hutiwa kwenye bomba la sindano, bomba likashikwa juu, uji ukateremka wenyewe polepole. Ukiliinua mno, mtoto atatapika. Ukilishusha, uji utarudi. Ndiyo maana wifi yake, Mwantumu, humtania kwamba anashinda kanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la kwanza anayejua jibu na mwalimu hamwoni. Zaituni hucheka, afanyeje. Mume yuko kaburini, mkono ni wake peke yake. Jana degedege halikumpa mtoto nafasi, wala mama hakufumba jicho. Sasa anavuta uradi kimyakimya, subhanallah, subhanallah, macho yakifuata uji unavyoshuka, na uji unavyoshuka, naye anashuka.

Anashuka mpaka barabarani. Barabara ni nyeupe, inakwenda na kujikunja na kupita palepale ilipopita, wala haina wa kuuliza. Shamimu yuko mgongoni, kafungwa kwa khanga, na mkono wa kulia wa Zaituni bado uko juu. Hakumbuki kwa nini. Anajua tu kwamba ukishuka kuna kitu kitaharibika. Mbele pana kizingiti kisicho na nyumba, na juu ya kizingiti amesimama mlinzi mrefu mwenye kanzu. Mahali pa uso wake ni laini kama kiganja. Hata hivyo ana adabu. Anamuuliza habari za safari, za nyumbani, za kazi, na Zaituni anaitikia nzuri, nzuri, nzuri. Kisha mlinzi anauliza, Mtoto hajambo? Na Zaituni, aliyefundishwa na mama yake kwamba hata matangani salamu hujibiwa kwa heri, anajibu bila kufikiri, Hajambo.

Khanga inalegea, mgongo unakuwa mwepesi. Anageuka, mtoto hayupo. Umempeleka wapi mwanangu, anauliza. Umesema mwenyewe hana jambo, mlinzi anajibu, nasi wasio na jambo tunawaweka mji wa pili. Zaituni anamweleza kwamba ile ni salamu tu, kwao kila mtu huitikia hivyo, hata aliye na homa. Mlinzi anamwacha amalize, halafu anasema, Kitendawili. Tega, anasema Zaituni, maana na hilo nalo ni mazoea. Akiwepo, nyumba haina usingizi. Asipokuwepo, nyumba haina mtu. Zaituni anataja jogoo, anataja mgeni, anataja moto wa jikoni, yote siyo. Basi umeshindwa, mlinzi anasema, nipe mji. Na Zaituni anampa mji anaoujua, Nakupa Kondoa, na hapohapo Kondoa inazimika nyuma yake, msikiti na soko na hospitali na nyumba yake ya bati, na kuwaka tena mbele yake, kushoto kukiwa kulia na kulia kukiwa kushoto. Kuta zote ni vioo. Katika kila kioo yumo mwanamke aliyeinua mkono, na hakuna hata mmoja mwenye mtoto mgongoni. Watu wasio na nyuso wanapita wakisalimiana, hawajambo, hawajambo, wala hawasimami kusikia zaidi. Mmoja anamuuliza bibi anaapa nini. Mwenzake anamwambia mwache, huyo anasimamisha gari, na wote wawili wanacheka kwa vifua maana midomo hawana.

Ndipo anakuja msichana mbio, miguu imejaa vumbi, na uso ni wa Shamimu. Shikamoo, mama, anasema. Zaituni hajapata kuitwa hivyo. Badala ya kuitikia marahaba, anamtazama mdomo. Msichana ana hindi la kuchoma, anatafuna, anameza, na Zaituni analitazama lile koo linavyopanda na kushuka, kwa sababu asiyeuguza hajui koo linalomeza lilivyo zuri. Msichana anamsimulia mambo chungu nzima, kwamba chuoni amefika alif be te, kwamba anaruka kamba kuliko wenzake, kwamba amemngoja siku nyingi. Anamshika mkono wa kushoto, waende nyumbani. Barabara inafunguka mbele yao, na Zaituni anakwenda. Kwa nini asiende? Si ndiye huyu aliyemwomba kwa Mungu, katika sijida ndefu hadi paji la uso likamwasha? Mungu hashindwi na kitu. Wanakwenda, na mtoto anaongea, na Zaituni, kwa mazoea, anamwangalia machoni na kumuuliza bila sauti kama ameshiba. Nyumbani, Shamimu angeyapandisha macho kwenye bati. Hiyo ni ndiyo. Angeyafumba, hiyo ni hapana. Lugha yenyewe ni ya watu wawili tu duniani. Msichana anashangaa. Mbona unanitazama hivyo, mama? Si useme. Kila neno analo huyu mdomoni, na Zaituni anajitafutia la kumwambia, halipati. Shusha na huo mkono basi, mtoto anasema, tutachelewa.

Mkono unamuuma mpaka begani. Anaanza kuushusha. Na kutoka mbali juu, juu ya vioo na mji, anasikia kifua kikikoroma, khoro, khoro, kifua ambacho angekitambua katikati ya elfu. Anaurudisha mkono juu. Anainama, anambusu msichana utosini. Mungu akutunze, mwanangu, anamwambia, wewe huna jambo, mwenzio ananihitaji. Anarudi alikotoka, bila kugeuka, maana akigeuka hataweza.

Mlinzi yuko palepale kizingitini. Anarudia kitendawili chake, akiwepo, nyumba haina usingizi, asipokuwepo, nyumba haina mtu. Kisha anaugeuza ule ulaini wake na kuuliza, Wewe uliyenyoosha mkono, una jibu? Mkono umenyooshwa miaka yote hiyo, na leo umeonekana. Ninalo, Zaituni anasema. Nilikujibu vibaya kwenye salamu, baba. Mwanangu ana jambo. Shingo yake ni jambo, koo lake ni jambo, usiku wake ni jambo, na jibu la kitendawili chako ni yeye. Nirudishie na mambo yake yote. La kupunguzwa atalipunguza Mungu, si wewe. Na mji je, mlinzi anauliza. Mji hutoa aliyeshindwa, anasema Zaituni, mimi nimejibu. Uzito unamrudia mgongoni, na udenda wa moto unamlowesha bega.

Bati. Mkeka. Mkono uko juu, umekufa ganzi, bomba ni tupu, na kifua cha Shamimu kinakoroma. Zaituni anaubana mpira, anamlaza mtoto ubavu, anampangusa mdomo, anampigapiga mgongo, taratibu, huku anamtaja Mola wake, mpaka kifua kinafunguka na pumzi inapita. Anamgeuza. Umeshiba? Macho yanapanda kwenye bati. Lakini kile kioo kidogo ukutani, alichokitundika marehemu, kinamwonyesha mwanamke aliyempakata mtoto, mlango ukiwa kulia, na Zaituni hana hakika tena mlango wa nyumba yake uko upande gani.

Mlangoni pana hodi. Jua liko nyuma ya aliyesimama, uso hauonekani. Yawezekana ni Mwantumu, yawezekana siye. Mtoto hajambo? sauti inauliza. Zaituni anamkumbatia Shamimu kwanza, kwa mikono yote miwili.

Ana jambo, anasema. Ingia nikuone uso, kisha unipokee hili bomba.