Mayonesi ya Mama Mkwe

Mume wangu alikwama kwenye lifti. Sisemi lifti ilikwama naye akiwa ndani, hayo ni ya abiria, na yeye ndiye fundi anayeitwa kuwatoa. Alikwama kwenye kitundu cha darini, kile ambacho fundi hupenya ili asimame juu ya paa la lifti na kukagua kamba za chuma. Kichwa kilipita, mabega yakapita, tumbo likagoma. Wenzake walimvuta miguu huku wanacheka, na karani mmoja wa jengo lile hakuona haya kupiga picha.

Jioni alikaa kitini na viatu vyake miguuni.

"Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi ujao," akaniambia. "Bosi kasema nisipopita pale mbele yake, nahamia stoo."

"Stoo ukafanye nini?"

"Nigawe misumari."

Mume wangu anapenda lifti kuliko wengine wanavyopenda mpira. Tukipita karibu na jengo akasikia lifti inakoroma, hunisimamisha barabarani tuisikilize. Kumpeleka stoo mtu wa namna hiyo ni kumvunja moyo kabisa. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali, kwa hiyo kesho yake nilimburuta hadi zahanati.

Muuguzi akamuuliza anakula nini. Akataja mkate, viazi, mayai, saladi, kwa sauti ya mtoto mwema.

"Hivyo si vibaya," muuguzi akasema. "Juu yake unapaka nini?"

Mume wangu akaanza kusoma bango la chanjo ukutani. Nikamjibia mimi. "Huyu chakula chake ni mayonesi, dada. Mkate ni sahani tu. Akimaliza mayonesi anahamia majarini, na viazi anavizamisha kwenye tomato sosi ya sukari mpaka huvioni."

Muuguzi alicheka, kisha akatushauri tusimnyime chakula, tubadilishe vya kupaka tu. Nilirudi nyumbani na mtindi usio na sukari, malimau, haradali, maparachichi na nyanya. Mtindi niliuchanganya na limau, haradali na kitunguu saumu. Parachichi nikaliponda na chumvi kidogo likae badala ya majarini. Nyanya nikazichemsha mpaka zikawa nzito, bila hata chembe ya sukari.

Ikabaki ndoo ya mayonesi. Ilikuwa kubwa, nimeinunua kwa bei ya jumla, na mimi kumwaga chakula siwezi, mikono inakataa. Niliigawa kwenye makopo matupu ya mtindi nikayasukuma nyuma ya friji, nikijiambia nitampa jirani anayekaanga chipsi. Ule mtindi wangu wa limau nao nikautia kwenye chupa tupu ya mayonesi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Mimi ni fundi cherehani. Kwangu uzi unakaa kwenye kopo la biskuti, vifungo kwenye kopo la majarini, chaki kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakuna anayetegemea maandishi ndani ya nyumba yangu.

Isipokuwa mama mkwe. Alikuwa amehamia kwetu karibuni, na maisha yake yote alifanya kazi duka la dawa. Kwake yeye kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani, na anayebisha anataka kuua watu. Mayonesi hajawahi kula, anaiita vitu vya vijana. Alichokijua ni kwamba mwanawe wa pekee anaipenda, na kwamba mkewe ameipiga marufuku.

"Unamkondesha mwanangu," aliniambia nikiwa nafunga mkate wenye parachichi kwenye kibweta cha chakula cha mume wangu.

"Mama, akinenepa anapoteza kazi."

"Na akizimia kwa njaa juu ya lifti, anapata nini?"

Nikaenda kukanyaga cherehani kwa nguvu ili nisijibu. Yule mama anajua kunichokoza, halafu ananiuliza kama nimekunywa chai.

Wiki zikaenda, ovaroli ya mume wangu ikaanza kulegea. Niliibana mara ya kwanza, nikaibana tena. Yeye hakulalamika hata kidogo, jambo ambalo lingenishtua kama nisingekuwa nimevimba kichwa. Nilijisifia kwa wateja. Nilimshauri mwalimu mmoja aliyekuja kushona sketi aache siagi ya karanga ya sukari anunue ile ya karanga tupu, kana kwamba nami nimesomea.

Siku ya mkaguzi ilipofika sikuweza kushona. Sindano ilinichoma mara mbili, nikaona bora nimpime mama mkwe gauni alilokuwa ananidai. Nikamzungushia futi kiunoni. Nikaitazama. Nikamzungushia tena.

"Mama, umeongezeka."

"Mimi? Mimi ninayekula viazi vya kuchemsha na mtindi?"

"Mtindi gani?"

Akaenda kwenye friji akaniletea kopo, hasira zimempanda. "Soma! Hauna sukari. Nimekula yale ya nyuma karibu yote. Mtindi wenu mzuri, mzito, hata tumbo limetulia."

Nikachovya kidole. Ilikuwa mayonesi tupu. Kabla sijameza, simu ikalia.

"Nimepita!" mume wangu alipiga kelele. "Nimepita mpaka miguu! Mkaguzi ndiye aliyekwama, tunamvuta sasa hivi!"

Nilikaa chini palepale, katikati ya vipande vya vitambaa, nikalia kwa furaha. Mama mkwe alipiga vigelegele, akanishika bega, akaniinamia.

"Sasa naweza kusema," akanong'ona. "Kila asubuhi ukienda kuoga nilikuwa nafungua kibweta chake. Lile parachichi lako nalikwangua, nalila mimi lisipotee. Halafu nampakia mayonesi, nyingi, inamwagika pembeni." Akafungua friji akanionyesha chupa yangu ya mtindi wa limau. "Hii hapa. Siku ya kwanza aliniambia ina uchachu kidogo. Nikamwambia ale tu, ni mapenzi ya mama. Umeona? Amekula mayonesi kila siku na amepita. Mambo yako ya zahanati ni upuuzi mtupu."

Damu ilinichemka. Huu ulikuwa ushindi wangu! Nimekamua malimau mpaka vidole vimechubuka, nimebishana, nimebana ovaroli, halafu sifa zinakwenda kwa aliyetaka kuniharibia! Nilikuwa na kopo mkononi. Ningemwambia tu, "Mama, hebu onja hiki na hicho," na angejua nani mjinga hapa ndani.

Nikamtazama. Alikuwa amesimama wima namna ambayo sijamwona akisimama tangu ahamie kwetu, macho yanameta.

"Nilidhani nimekuja hapa kukaa tu," akasema. "Kumbe bado naweza kumlisha mtoto wangu."

Hapo nikapiga hesabu za haraka. Nikisema ukweli, kesho atatafuta mayonesi ya kweli, na akiitafuta ataipata. Mkaguzi atarudi mwakani, na kitundu cha lifti hakitapanuka. Lakini hizo zilikuwa hesabu tu. Ukweli ni kwamba sikuwa na moyo wa kumkalisha tena chini yule mama.

"Asante, mama," nikasema. "Umemwokoa. Naomba uendelee kumpakia."

"Na wewe hutanikataza?"

"Sitakukataza. Chupa ikiisha uniambie mimi, nitaijaza mwenyewe. Ila haya makopo ya nyuma niachie, yameharibika."

Akanipigapiga mgongoni kama mwanafunzi aliyeelewa somo kwa kuchelewa. "Usijali, mwanangu," akasema. "Nawe polepole utajua kulisha mume."

Nikauma meno, nikaingia jikoni kukamua malimau.