Mshindi Ambaye Hakucheza

Ofisini walimwita Maswali, na hakuwahi kuchukia. Kazi yake ilikuwa kupokea simu katika shirika dogo lililowanunulia watoto wasiosikia vizuri vifaa vya kusikia. Jina hilo alipewa na mhasibu, siku mtu mmoja alipopiga kuuliza saa za kazi tu, na hadi simu inakatwa Maswali alishajua kwa nini huyo mtu alihama mtaa, mkewe anafuga nini, na sauti yake imekauka tangu lini.

"Wewe binti," mhasibu alimwambia, "ukipelekwa mazikoni utamuuliza marehemu anajisikiaje."

Mwaka ule wachangiaji walikuwa wamepungua na vifaa vimepanda bei. Mfanyabiashara mmoja akajitolea gari dogo jipya, la bluu, liwe zawadi ya bahati nasibu mtandaoni. Mkurugenzi, mama mchangamfu ambaye hakuweza kuongea bila kutembea, aliomba kibali, akapewa pamoja na kanuni zake. Mtaalamu wa kompyuta akatengeneza ukurasa. Ukinunua tiketi unaingia kwenye droo, na fedha yako inawaendea watoto.

Droo ilichezeshwa mchana kweupe mbele ya kamera. Namba ikatoka, ofisi nzima ikapiga makofi, na Maswali akakabidhiwa kazi tamu kuliko zote: kumpigia mshindi.

"Hongera sana, baba! Umeshinda gari!"

Upande wa pili ilisikika nyundo ndogo ikigonga. Ikanyamaza.

"Gari gani?"

"La bahati nasibu yetu. Jipya, halijakanyaga hata tope!"

"Umekosea namba, binti. Mimi sichezi."

Maswali akaisoma namba polepole, tarakimu kwa tarakimu. Mtu yule akashusha pumzi.

"Ni yangu. Lakini mimi nilituma mchango wa watoto. Nilichangia, sikucheza." Kisha akapunguza sauti, kama anayeficha kitu ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Nakuomba usipige tena." Akakata.

Maswali alibaki ameishikilia simu. Alikuwa amejiandaa kwa kilio cha furaha, au kwa mtu wa kumwambia matapeli nyinyi mtaungua. Hili hakulitarajia. Mtu anakataaje gari?

"Ameogopa tu," alisema mkurugenzi akizunguka meza. "Siku hizi kila simu ni ya wizi. Nenda na kitambulisho cha ofisi, akuone kwa macho. Na umpige picha akitabasamu."

Hakuhitaji kutumwa mara mbili.

Karakana ya mtu yule, fundi wa makochi, ilikuwa nyuma ya safu ya maduka. Ndani, makochi yalisimama bila nguo, mbao zake wazi kama mbavu, na vumbi la sponji lilielea kwenye mwanga wa dirisha. Fundi mwenyewe, mtu mzima mwenye mabega mapana, alikuwa amebana misumari midogo midomoni. Pembeni, mke wake alikuwa akishona foronya za mito kwa cherehani. Walikuwa na watoto pacha waliokwisha kuoa na kuhama, hivyo mtaa mzima ulimwita mmoja Baba Pacha na mwingine Mama Pacha, na wao waliitana hivyo hivyo.

Maswali alijitambulisha. Fundi akaitema misumari kiganjani.

"Nilikuomba usipige."

"Sijapiga, baba. Nimekuja kwa miguu."

Mama Pacha akacheka, cherehani ikasimama. "Karibu, mwanangu, kaa. Si hapo, hapo pana spiringi. Umekuja kwa habari gani?"

Ikabidi aseme. Aliposikia neno gari, Mama Pacha aliinuka, akaketi, akainuka tena.

"Baba Pacha! Gari, na wewe unagonga misumari?"

"Sitaki, Mama Pacha. Na unajua kwa nini."

"Kwa nini?" Maswali aliuliza kabla hajajizuia.

Mtu mwingine angemfukuza. Lakini fundi alimtazama, akaona kwamba yule binti hakuuliza ili apate la kusimulia mtaani. Aliuliza kwa sababu asingelala bila kujua. Akavuta kigoda.

"Zamani nilikuwa msimamizi kiwandani, kwenye samani. Siku moja wenzangu wakabeti mpira, nikatia chenji iliyobaki mfukoni. Nikashinda. Nilinunua pikipiki, binti, kwa chenji! Laiti ningeipoteza siku ile ile. Maana baada ya hapo nilitumia miaka kuitafuta siku nyingine kama ile. Pikipiki ikaenda. Kazi ikaenda. Ile cherehani unayoiona ni ya pili. Ya kwanza niliitoa hapo alipokuwa ameketi, nikamwambia naipeleka kwa fundi."

"Alisema itarudi kesho," alisema Mama Pacha, bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa ya mwaka mwingine.

"Mwisho nikaenda mwenyewe kwenye ofisi inayosimamia michezo ya kubahatisha. Kumbe mtu anaweza kuomba afungiwe. Unatoa kitambulisho na namba ya simu, unasaini, na tangu hapo hakuna mchezo wa fedha unaoruhusiwa kukupokea. Sasa nyinyi mnaniambia nimeshinda. Nimeshindaje mchezo niliojifungia?"

"Lakini hukucheza!" Mama Pacha alidakia. "Hiyo ndiyo raha yake. Hili limekuja lenyewe."

"Na lile la kwanza lililetwa na nani? Nalo lilikuja lenyewe."

"Mimi ndiye ninayesukuma mkokoteni wa makochi ya watu, mvua ikinyesha, jua likiwaka. Mimi karata tu sijui kuzishika. Niandikieni mimi!"

Maswali alikuwa na swali lililomkaa tangu simu ile ikatwe.

"Baba, nilipokupigia, ulijisikiaje?"

Fundi alijikuna kiganja.

"Unataka ukweli? Mkono uliniwasha. Wewe bado uko kwenye 'hongera', mimi nilishaliuza gari kichwani, fedha yake nimeshaibeti, nimeshinda, nimeongeza, nimeliwa yote. Wewe hata hujafika kwenye 'sana'. Mchovya asali hachovyi mara moja, binti. Ndiyo maana nilikata."

Kisha Maswali akamwomba amwonyeshe jinsi alivyochangia. Fundi alitoa simu, akafungua ukurasa wa shirika, akabonyeza mahali palipoandikwa *Changia*. Akaandika kiasi. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, palikuwa na kisanduku: *Niingize kwenye droo*. Kisanduku kilikuwa kimeshatiwa tiki.

Maswali aliuona ukurasa ule kila siku ya kazi. Lakini hakuwahi kuchangia kupitia hapo, na kisanduku kile hakuwahi kukiona.

"Hii tiki umeiweka wewe?"

"Niliweka kiasi, nikatuma. Macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano, lakini hayo maandishi hayakuandikwa ili yasomwe."

Alirudi ofisini mbio mbio, akamkuta mtaalamu wa kompyuta akinywa chai.

"Kile kisanduku kwenye ukurasa wa kuchangia, nani alikitia tiki?"

"Mimi. Ni ukarimu tu. Mtu akichangia, tunamzawadia tiketi. Nani anakataa bahati ya bure?"

"Na waliojifungia? Si kanuni inasema namba zote zilinganishwe na zao kabla ya droo?"

"Nilizilinganisha za walionunua tiketi. Wachangiaji si wachezaji."

"Kama si wachezaji, mmoja wao ameshindaje?"

Mtaalamu akaiweka chai chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuulizwa.

Mkurugenzi alipoelezwa, aliacha kutembea, jambo ambalo wafanyakazi hawakuwahi kuliona.

"Namba imeshatangazwa," alisema. "Tukisema tulikosea, tutaitwa wezi, na watoto ndio watakaoumia. Mpeni mkewe kimya kimya, tufunge kazi."

"Sawa, mama," alisema Maswali. "Ila nikiulizwa ni nani aliyecheza, nijibu nani?"

"Nilikuajiri upokee simu," akasema mkurugenzi, lakini alikuwa ameshafungua droo ya meza akitafuta kanuni. Alizisoma zote, akiwa ameketi. Kisha akapiga simu mwenyewe kwenye ofisi iliyompa kibali.

Jibu lilikuja kesho yake. Tiketi ya mtu aliyejifungia haihesabiki, hata akiipata bila kujua, na wala haiwezi kuhamishiwa kwa mwingine. Zaidi ya hapo, mchangiaji yeyote ambaye hakuchagua mwenyewe kuingia hakuwa mchezaji. Droo irudiwe kwa waliochagua tu, na watu waambiwe wazi kilichotokea.

Mchana ule ule, Mama Pacha alitokea getini peke yake, amevaa kitenge kizuri. Gari la bluu lilikuwa limeegeshwa uani, na utepe juu yake.

"Sikuja kugombana," alimwambia Maswali. "Nataka kuliona tu."

Maswali alichukua ufunguo kwa mlinzi. Mama Pacha akaingia, akaketi kiti cha abiria, akafunga mlango. Alivuta hewa ya ndani, akapitisha kidole kwenye mishono ya kiti, akaibonyeza sponji kwa kidole gumba kama daktari anayepapasa tumbo. Alikaa kitambo akitazama mbele, kama yuko safarini. Kisha akatoka.

"Sponji yao nyepesi," alisema. "Mishono mizuri."

Maswali alimweleza uamuzi uliotoka, kwamba hata yeye hangeweza kupewa. Mama Pacha aliitikia kwa kichwa.

"Nimeshaamua kabla hujasema. Mimi sijui kuendesha. Angeendesha yeye. Ningekuwa nashona huku masikio yangu yako barabarani, nasikiliza kama limerudi na kama bado ni letu. Nilishaishi hivyo." Akajifunga kitenge vizuri. "Ila mtu ana haki ya kujua anakataa kitu gani, siyo?"

"Ana haki, mama."

"Basi nimekijua."

Mkurugenzi alisimama mbele ya kamera akasema yote: kisanduku, tiki, na namba ambazo hazikulinganishwa. Hakumtaja fundi wala kazi yake. Mtandaoni walimwagiwa matusi ya kila rangi. Mmoja aliandika kwamba ni janja yao, gari lilishapangiwa shemeji. Wengine walidai mchango wao, wakarudishiwa. Maswali alipokea simu hadi sikio likawaka moto.

Katikati ya zogo hilo alipiga mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole, akijitambulisha kuwa ni muuguzi.

"Nataka kujua kama na mimi nilikuwemo," alisema. "Mimi nimejifungia. Nachangia kwenu kila mwezi, kwa sababu ile fedha niliyokuwa naipoteza nilitaka iende mahali."

Maswali akaangalia. "Ulikuwemo, dada."

"Kumbe nimekuwa nikicheza."

"Hukucheza. Sisi ndio tuliokuchezesha. Pole sana."

"Ahsante kwa kusema 'sisi'," akasema mwanamke, akaaga.

Ukurasa ukatengenezwa upya. Kuchangia kukawa upande wake na kununua tiketi upande wake, kila mmoja na mlango wake, bila kisanduku cha kujitia tiki. Kwenye upande wa tiketi, mnunuzi aliulizwa kwanza anataka kutumia kiasi gani mwisho, na akifika hapo mlango unajifunga. Mapato ya mwezi ule yalishuka. Mhasibu alitembea na uso wa msiba, na mkurugenzi akaanza kwenda kuomba mwenyewe ofisi kwa ofisi.

Droo ya pili ilipokwisha kuchezeshwa, Maswali alimpigia mshindi mpya, muuza vitabu, ambaye alipiga yowe mpaka simu ikakwaruza. Hakuwa ameiweka chini vizuri ilipoita tena. Ilikuwa namba aliyoijua.

"Binti," alisema fundi. "Nani ameshinda?"

Maswali alifungua mdomo.

"Hapana!" fundi akamkatiza. "Usiniambie. Nisikilize mwenyewe ninavyouliza! Sina tiketi, sina chochote humo, lakini tangu asubuhi nimeng'oa msumari mmoja mara tatu nikiwaza ni nani. Usiniambie hata kama ni mwanamume au mwanamke."

"Sisemi, baba."

Maswali alisikia cherehani ikikimbia, ikasimama, na Mama Pacha akiuliza anaongea na nani. "Na yule wa maswali," alijibiwa, na cherehani ikaendelea.

"Niambie kingine," alisema fundi. "Chochote. Ule mchango wangu uliishia wapi?"

Hilo Maswali aliliweza. Akavuta kiti. Vifaa viliingia juzi, akamwambia, na jana alivalishwa mtoto mmoja wa kike, mkaidi hasa, aliyeletwa na bibi yake. Walipokiwasha kifaa, mtoto hakushtushwa na sauti za watu. Alishuka kwenye kiti, akapiga hatua, akaganda. Akatazama chini. Akapiga nyingine.

"Alikuwa anasikia nini?" aliuliza fundi.

"Ndala zake, baba. Hakujua kama zinalia. Alizunguka chumba kizima akizisikiliza, bibi yake anamfuata nyuma, na kila tulipomwita hakuitika. Alikuwa na shughuli."

Fundi alicheka, kicheko cha kifua. "Zinaliaje, hebu?"

Na Maswali, katikati ya ofisi, mhasibu akimtazama juu ya miwani, akavua kiatu kimoja akaanza kumwigizia.