Ruhusa ya Kwenda Barafuni

Watu wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, barafu ikishika mifereji, hawashikiki. Asubuhi hiyo Feike, fundi wa baiskeli, alisimama mbele ya Wietske mwenye duka, akamwomba ruhusa akateleze kidogo kwa viatu vyake vya barafu.

"Nenda," Wietske akamwambia. "Ila saa sita uwe umerudi. Kuna breki zinakusubiri."

Saa sita ilimkuta hospitali, mkono umevunjika.

Hapo ndipo maringo yalipomtokea puani. Miaka yote Feike alijigamba kuwa amejiajiri: kila mwisho wa mwezi anampelekea Wietske ankara yake, hana bosi, hana wa kumbabaisha. Sasa hakuna kazi, hakuna ankara, na mwenye nyumba hapokei mfupa uliovunjika badala ya kodi.

"Haya, bosi," mkewe Jildou akamtania huku akimfunga vifungo vya shati, "umeshajipa likizo ya ugonjwa yenye malipo?"

Feike alicheka kidogo. Kusema kweli aliogopa.

Jumamosi Wietske akaja na sufuria ya supu ya njegere, nzito hata kijiko kinasimama. Akaketi bila kuvua koti.

"Mhasibu wangu anasema hunihusu," akaanza. "Eti we mkandarasi, na mkataba tulitia saini wote wawili."

"Si uongo," Feike akasema. Alikuwa ameshajiandaa kuambiwa hivyo.

"Subiri. Nikamuuliza, wewe ukitaka kwenda barafuni unamwomba nani? Akasema, simwombi mtu, nafunga ofisi naenda zangu. Basi huyo ndiye aliyejiajiri, Feike. Wewe ulikuja kusimama mbele yangu kama mtoto wa shule, na mimi nikakupangia hadi saa ya kurudi. Spana zangu, ovaroli yangu, ruhusa yangu. Halafu leo umeumia niseme sikujui?"

Jildou aliacha kupakua supu.

"Nilikuwa najua siku zote," Wietske akaendelea, sauti imeshuka. "Ilinifaa tu kujifanya sijui. Nitakulipa mpaka mkono upone, kama mwajiriwa. Na mkataba tunauandika upya."

"Duka lenyewe dogo, Wietske. Utaweza?"

"Nitakaza mkanda. Kula, supu inapoa."

Feike akainamia bakuli. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Alisema asante, akaona haitoshi, akaisema tena. Wietske akamsogezea mkate mweusi, akamwambia aache kuitia supu chumvi.

Majira ya baridi yaliyofuata barafu ikashika tena. Duka lilikuwa limejaa watu wenye pancha. Feike akaja mbele ya kaunta, viatu vya kutelezea vikining'inia shingoni, akaomba ruhusa kwa sauti kubwa, ili hata wateja waliosimama mlangoni wasikie kwamba naye ana wa kumwomba.